Michezo ya Shakespeare Katika Sinema Bubu

Kuna neno lipendwalo na watu waliosoma, nalo ni hili: ya kuwa kumtia Shakespeare katika sinema isiyo na sauti ni kama kumwalika manju arusini, kisha kumfunga kitambaa kinywani. Neno hili lina ladha, na alisemaye hupata kicheko cha wenzake; walakini mimi naona halijapimwa. Kwani tangu mwaka 1899 hata mwisho wa miaka ya 1920, yaani muda wote ambao sinema zilikuwa bubu, michezo ya Shakespeare ilipigwa picha zaidi ya mara mia mbili, katika Uingereza, Ufaransa, Italia, Ujerumani, Denmark na Marekani. Watu wa mataifa sita hawarudii upuzi ule ule kwa miaka thelathini pasipo sababu. Yafaa basi tuulize: walipouondoa ulimi wa mchezo, ni kitu gani kilichobaki mikononi mwao, na ni kitu gani kilichopotea kweli kweli?

Kwa ajili ya vijana wasiopata kuziona, nieleze kidogo. Sinema bubu ni picha zinazokwenda, lakini hakuna sauti ya mtu itokayo ndani yake. Waigizaji waonekana wakifumbua vinywa na kuvifumba, na wasemayo hayasikiki. Kila baada ya kitambo picha hukatika, na mahali pake huja maandishi machache, ili watazamaji wasome ni nani huyu na ametenda nini. Ukumbini alikuwapo mpiga kinanda, au kundi zima la wapiga muziki, nao walifuatisha mambo yaonekanayo. Ilikuwa hivyo hata mwaka 1927, sinema za kusema zilipoanza kuenea kutoka Marekani. Mwaka 1929 ukatoka mchezo mrefu wa Shakespeare wenye sauti, ule wa kumfuga mwanamke mkali, walioigiza Mary Pickford na mumewe Douglas Fairbanks, na mlango wa sinema bubu ukafungwa.

Sisi tusomao Kiswahili tunayo haki ya kulisemea jambo hili, tena ni haki ya zamani. Mwaka 1867, huko Unguja, Edward Steere alipiga chapa kitabu kidogo kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Ndani yake zilikuwamo hadithi nne zilizotoka katika kitabu cha Charles na Mary Lamb, ndugu wawili Waingereza waliosimulia michezo ya Shakespeare kwa ajili ya watoto: hadithi ya Mfalme Lear, ya mfanya biashara wa Venice, ya Timon wa Athens, na ya yule mwanamke mkali. Maana yake ni hii, ya kuwa Shakespeare alipoingia mara ya kwanza katika lugha yetu aliingia bila mashairi yake, kama mgeni aliyeacha mizigo pwani. Ilipita karibu miaka mia kabla Julius Nyerere hajatuletea mchezo wa Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye Samuel Mushi akatuletea Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Hapo ndipo mizigo ilipowasili. Basi twajua Shakespeare mwenye maneno, na twajua Shakespeare wa kusimuliwa tu, wala hakuna aliyesema kwamba kitabu cha Steere kilikuwa manju aliyefungwa kinywa.

Lakini kitabu kile, ijapokuwa hakina mashairi, kina msimulizi. Msimulizi aweza kutuambia: huyu alisema hivi, na moyoni alikuwa na jambo jingine. Sinema bubu haina mtu huyo, ila yale maandishi machache. Na hapa ndipo nionapo fundo la shauri lote. Michezo mikubwa ya Shakespeare imejengwa juu ya uongo. Binti wawili wa Lear wamdanganya baba yao. Iago amdanganya Othello. Richard adanganya jamaa nzima ya kifalme, na Claudius adanganya ufalme mzima wa Denmark. Upanga, sumu, radhi na kilio vyaja baadaye, navyo ni matunda ya uongo ule. Uongo wa ulimi wataka ulimi. Je, chombo kisicho na ulimi kitausemaje?

Tuanze penye mwanzo. Mwezi wa Septemba mwaka 1899 Herbert Beerbohm Tree, mwigizaji mkuu wa London, alikuwa akiutoa mchezo wa Mfalme John. Kampuni moja ya sinema ikampiga picha akiigiza vipande vichache vya mchezo ule. Vipande hivyo vimepotea isipokuwa kimoja, chenye urefu wa dakika moja hivi, nacho chahifadhiwa Uholanzi. Chaonyesha mfalme aliyelishwa sumu. Ameketi kitini, amevaa vazi jeupe, na watu wake wamesimama kando. Ajipinda, akamata kifua, ajinyosha, kisha alegea. Kazi hii haikukusudiwa kusimulia mchezo wote. Ilikuwa kama tangazo la mchezo uliokuwa ukichezwa jukwaani, na ni dhuluma kuihukumu zaidi ya hapo. Walakini yatuonyesha jambo moja tangu siku ya kwanza: maumivu ya mwili hayana haja ya ulimi. Mtu wa nchi yo yote aonapo Tree akijipinda ajua kwamba mtu huyu amekula kitu kibaya. Mwaka wa pili, katika Maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, Sarah Bernhardt, mwanamke aliyevaa nguo za Hamlet, alionekana katika sinema fupi akipigana kwa panga, na mlio wa panga ulitolewa kwa chombo cha kunasia sauti. Tazama walichokichagua! Katika mchezo wenye maneno mengi kuliko michezo yake yote, walichukua mahali pasipo na maneno.

Tree huyu alirudi mbele ya kamera mwaka 1911 kwa ajili ya mchezo wa Henry wa Nane, naye akalipwa paundi 1,000. Zilifanywa nakala 20, zikaonyeshwa kwa majuma sita, kisha zikakusanywa zote zikachomwa moto kwa makusudi, maana ndivyo walivyopatana. Hivyo hatuwezi kuihukumu kazi ile hata kidogo. Nimetaja habari hii ili msomaji ajue ya kuwa tunayoyasema juu ya sinema hizi tunayasema juu ya mabaki.

Katika mabaki hayo liko moja dogo ambalo nalipenda sana, nalo ni Tufani ya mwaka 1908, iliyotengenezwa Uingereza na Percy Stow. Urefu wake ni dakika kumi na mbili hivi. Waliosoma tafsiri ya Mushi wakumbuka jinsi mchezo wenyewe uanzavyo: merikebu yavunjika kwa dhoruba, kisha Prospero aketi na binti yake Miranda, na kwa maneno mengi sana amweleza jinsi walivyofukuzwa nchini mwao na kufika kisiwani zamani, yeye binti alipokuwa mtoto mchanga. Jukwaani masimulizi hayo ni mazito, hata mwigizaji hodari huwachosha watu. Stow aliyatupa. Alianza na zamani yenyewe: twamwona Prospero akifika kisiwani na mtoto, twamwona Ariel akifunguliwa kutoka katika mti, twamwona Caliban, ndipo miaka yapita na dhoruba yaja mahali pake. Maneno yaliyosimuliwa yamekuwa mambo yaliyotendeka, na yamepangwa kama bibi apangavyo hadithi mbele ya wajukuu, la kwanza kwanza na la pili pili.

Tena Stow aliona ya kuwa kamera ina uchawi wake, na mchezo ule ni mchezo wa uchawi. Ariel, aliyeigizwa na msichana mdogo, atoweka machoni pa watu ghafula. Mara nyingine ageuka kuwa nyani ili amtishe Caliban. Hili hufanywa kwa kuisimamisha kamera, kumwondoa mtu, kisha kuiendesha tena, na leo kila mtoto ajua siri yake. Dhoruba nayo imefanywa kwa kuziweka picha mbili juu ya mkanda mmoja, Prospero akiwa ukingoni na bahari ikichafuka mbele yake. Jukwaa lilikuwa na shuka za kutikiswa na bati la kugongwa lilie kama radi. Hapa kuna mawimbi ya kweli. Sisemi kwamba dakika hizi kumi na mbili ni sawa na mchezo wa Shakespeare. Nasema kwamba mtu asiyejua habari za Prospero hata chembe azitazamapo hatapotea njia, na hilo haliwezi kusemwa juu ya nyingi katika sinema za namna hii.

Haliwezi kusemwa, mathalani, juu ya Richard wa Tatu aliyetengenezwa mwaka 1911 na Frank Benson. Huyu Benson alikuwa kiongozi wa kundi la waigizaji lililosafiri kote Uingereza, na picha zilipigwa ndani ya ukumbi wa ukumbusho wa Shakespeare kule Stratford-upon-Avon, mji aliozaliwa mshairi mwenyewe. Kamera imewekwa mahali pamoja kama mtu aliyelipa nauli yake akaketi, nayo haiondoki. Mandhari ni nguo zilizopakwa rangi. Waigizaji ni wale wale, na miendo yao ni ile ile ya jukwaani, na vinywa vyao vyasema maneno ambayo bila shaka ni ya Shakespeare, sisi tusisikie hata moja. Kwa mtu achunguzaye jinsi wazee wale walivyoigiza, mkanda huu ni hazina, wala sitaki upotee. Lakini kama hadithi ni kazi ya kuchosha, na sababu ya uchovu huo si ukimya wenyewe. Sababu yake ni kwamba Benson hakukubali ya kuwa yu kimya. Aliendelea kunena kana kwamba sisi tunamsikia.

Chukua mahali pale Richard amposapo Anne. Wasioujua mchezo nawaeleza: Richard amemwua mume wa Anne na baba mkwe wake, na mwanamke huyu yumo njiani pamoja na jeneza la baba mkwe. Richard amsimamisha hapo hapo, kando ya maiti, na kuanza kumtongoza. Anne amlaani, amtemea mate usoni. Na kabla hawajaachana amekubali kuivaa pete yake. Ni jambo lisilosadikika, na Shakespeare ajua kwamba halisadikiki. Alijitwisha kazi ya kulifanya lisadikike kwa njia moja tu, kwa maneno, neno juu ya neno, hata sisi wenyewe twaanza kulegea pamoja na Anne, tukajionea haya. Sasa liondoe neno. Kinachobaki ni mwanamume mwenye kibyongo apungaye mikono, na mwanamke mwenye hasira ambaye kwa ghafula hana hasira tena. Upanga wautolewa, pete yavishwa, na mtazamaji auliza: kumetokea nini? Uongo umepita mbele ya macho yake asiuone, kwa maana ulikuwa uongo wa masikio.

Huko Marekani Frederick Warde alilijua tatizo hili, na dawa yake ilikuwa ya ajabu. Mwaka 1912 alitengeneza Richard wa Tatu mwenye urefu wa karibu saa nzima, chenye farasi, askari na chombo cha baharini, kisha akasafiri pamoja na mkanda wake kutoka mji hata mji. Watu walipokwisha kuketi alitokea yeye mwenyewe, akawaeleza habari za mchezo, na mkanda ulipokuwa ukibadilishwa alisimama akawasomea maneno ya Richard kwa sauti yake. Hivyo ulimi ulirudi kwa mlango wa nyuma. Mkanda wa Warde ulidhaniwa umepotea kabisa hata mwaka 1996, ulipopatikana kwa mzee mmoja katika jimbo la Oregon aliyekuwa amefanya kazi ya kuonyesha sinema. Twaweza kuutazama leo, nao una mambo mengi mazuri kuliko wa Benson. Lakini Warde mwenyewe hayupo tena kando yake, na pale alipokusudia kusema pana pengo.

Lakini hakuna mahali tatizo hili lionekanapo wazi kama katika Mfalme Lear. Waitalia walimpiga picha mwaka 1910, na mwigizaji wao alikuwa Ermete Novelli, mzee aliyesifiwa sana katika majukwaa ya nchi yake. Cordelia aliigizwa na Francesca Bertini, ambaye baadaye alikuwa nyota kubwa ya sinema za Italia. Picha zimetiwa rangi, na nyingi zimepigwa nje penye jua na miti. Hadithi yenyewe wasomaji wa Steere waliijua zamani: mzee ataka kuwagawia binti zake watatu ufalme, na kila mmoja aseme kiasi cha upendo wake. Wakubwa wawili wasema maneno matamu kuliko asali. Mdogo, ampendaye kweli, asema hana la kusema. Na kwa neno hilo afukuzwa.

Msomaji, fikiri jambo hili pamoja nami. Nguvu yote ya mwanzo ule ni katika tofauti ya wanenao na asiyenena. Wawili wamejaa sauti, mmoja yu kimya. Na ukimya wake ndio kweli. Walakini katika sinema bubu wote watatu wako kimya! Wale waongo hawasikiki, na yule mkweli hasikiki. Ukimya wa Cordelia, ambao jukwaani hushuka kama jiwe kisimani, hapa hauna tofauti na hewa ya chumba. Yambidi mwigizaji aonyeshe kunyamaza kwa kufanya ishara, yaani yambidi apige kelele kwa mikono ili tujue kwamba hasemi. Katika michezo yote ya Shakespeare huu ndio ambao ningedhani sinema bubu ingeuelewa kuliko yote, kwa kuwa ni mchezo unaosifu kunyamaza. Kumbe ndio unaoishinda. Novelli apata nguvu zake mwisho, Lear anapomlilia Cordelia aliyekufa. Hapo uongo umekwisha kazi yake, imebaki huzuni tupu, na huzuni yaonekana.

Wajerumani waliomtengeneza Othello mwaka 1922, Emil Jannings akiwa Othello na Werner Krauss akiwa Iago, walikuwa na bahati zaidi, kwani Shakespeare alikuwa amewawekea leso. Iago asema uongo sikioni, ndiyo, lakini uongo wake una kitu cha kushikika: leso ya Desdemona, iliyookotwa hapa ikaonekana pale. Jicho laweza kuifuata leso. Sitakaa sana na kazi hii. Jannings amejipaka rangi usoni kama ilivyokuwa desturi ya Wazungu wa siku zile walipoigiza mtu mweusi, na ghadhabu yake ni kubwa mno tangu mapema, hata haina pa kupanda. Krauss amzidi.

Nimekuja sasa kwa mtu anipaye taabu katika hoja yangu, nami sitamficha. Mwaka 1913 Johnston Forbes-Robertson, aliyehesabiwa na Waingereza wengi kuwa Hamlet bora wa zama zake, alikuwa akiaga jukwaa. Umri wake ulikuwa miaka 60. Kampuni ya Gaumont na Cecil Hepworth walimpiga picha ili asipotee, mkewe Gertrude Elliott akiwa Ophelia, na penye ufuo wa Lulworth katika Dorset wakajenga ngome ya kuigiza ili bahari ionekane nyuma yake. Jambo lililomfanya mtu huyu asifiwe kwanza lilikuwa sauti yake. Waliomsikia hawakuisahau. Basi, walichokuwa wakikihifadhi ni Hamlet wa mwenye sauti nzuri kuliko wote, katika chombo kisichoweza kuishika sauti! Naye hakufupisha wala hakuongeza ishara. Alisema maneno yake kama alivyoyasema miaka yote, na midomo yake yaonekana ikiyasema.

Kwa kanuni niliyoitumia juu ya Benson, kazi hii yapaswa kuanguka. Haianguki. Mzee wa miaka 60 aigiza kijana wa chuo, mwili mwembamba, uso mrefu wenye mifupa, na mtu hamwondolei macho. Nimejiuliza sababu, na naona ni kwamba Hamlet katika michezo ile si mwenye kusema uongo. Ni mwenye kusikiliza uongo. Kazi yake kubwa ni kutazama watu wakimdanganya. Forbes-Robertson ajua kusikiliza. Mtu akimsemesha, uso wake wapokea neno, wapima, wahuzunika, wafunga. Na sisi tusiosikia neno lile twaona uzito wake jinsi lilivyomwangukia. Benson alitupa vinywa visemavyo. Huyu atupa sikio. Lakini nakiri jambo moja kwa ajili ya haki: sinema hii yamfaa aliyekwisha kuujua mchezo. Mgeni ataona mtu mwenye huzuni nzuri, asijue yatoka wapi.

Ndipo mwaka 1921 akaja Asta Nielsen. Huyu alizaliwa Copenhagen mwaka 1881, akajulikana kote Ulaya kwa uso wake na macho yake makubwa. Na Hamlet wake, uliotengenezwa Ujerumani chini ya Svend Gade na Heinz Schall, ulitoka katika kampuni yake mwenyewe. Bernhardt alikuwa mwanamke aliyeigiza mwanamume. Nielsen alifanya lililo kubwa zaidi: Hamlet wake ni mwanamke. Mwaka 1881 Mmarekani mmoja, Edward Vining, aliandika kitabu kusema ya kuwa Hamlet, kwa tabia zake, lazima alikuwa mwanamke aliyefichwa. Kama hoja juu ya Shakespeare ni hoja dhaifu, hata haistahili kujibiwa. Lakini watengeneza sinema waliiokota kama mtu aokotaye ufunguo njiani.

Hadithi yao ni hivi. Mfalme wa Denmark yu vitani. Malkia azaa binti. Habari yaja kwamba mfalme amekufa. Ili kiti kisitoke katika nyumba yao malkia atangaza ya kuwa amezaa mwana mwanamume. Kisha mfalme arudi mzima, na neno limekwisha kutoka, haliwezi kurudishwa. Mtoto akuzwa kama mvulana, apelekwa chuoni, ampata rafiki, Horatio, na ampenda kwa upendo asioweza kuutaja. Horatio naye ampenda Ophelia. Hamlet amposa Ophelia ili kumzuia, na binti yule azimia moyo kwa mtu ambaye hakuwa mwanamume hata kidogo.

Waona, msomaji, walilolifanya? Uongo umehama kutoka katika ulimi, umekaa mwilini. Tangu dakika za kwanza sisi twaijua siri, na tangu hapo kila picha imebeba maana mbili pasipo neno hata moja. Hamlet akiweka mkono begani pa Horatio kama wafanyavyo vijana, twaona mkono wa rafiki na twaona mkono wa mwanamke. Akimcheka Ophelia twaona dharau, na chini yake wivu. Lile ambalo Benson hakuweza kulipata penye jeneza, lile ambalo Novelli alilipoteza penye ugawaji wa ufalme, yaani mtu aonekanaye hivi na kumbe ni vile, Nielsen analo tangu mwanzo hata mwisho, kwa kuwa alitafuta uongo ambao jicho laweza kuusoma. Hakuuchukua kwa Shakespeare. Alilazimika kuuacha mchezo ili aupate mchezo.

Wako waliokasirika, wakasema huyu si Hamlet. Ni kweli kwamba mambo mengi yamegeuzwa. Hamlet huyu hamwui Claudius kwa upanga wenye sumu: amkuta akinywa na wenzake, awalevya, kisha auwasha moto ukumbi. Lakini wanaolalamika juu ya moto wamesahau ya kuwa moto ule ni mzee kuliko Shakespeare. Umo katika historia ya Saxo Grammaticus, Mdenmark aliyeandika kwa Kilatini yapata mwaka 1200, ambaye kwake Shakespeare alipata hadithi hii kwa kupitia mikono mingine. Humo Amleth awalevya wakuu na kuiteketeza nyumba. Mwanamke wa Denmark aliirudisha hadithi ya Denmark kwao. Lawama yangu mimi ni nyingine. Shaka ya Hamlet, ile hali ya kupima na kupima tena kama atende au asitende, imepungua hata karibu imekwisha. Nielsen ana siri, na mwenye siri hana nafasi ya kuwa na shaka. Mtu aliyempenda Hamlet kwa ajili ya fikira zake atatoka ukumbini na njaa, nami siwezi kumlaumu.

Hata hivyo utazame mwisho wake. Hamlet amechomwa katika mashindano ya panga na Laertes. Malkia amekunywa kwa kukosea kikombe cha sumu alichokiandaa mwenyewe. Horatio ampakata rafiki yake aliyekufa, mkono wake wapita kifuani, na hapo ajua. Miaka yote ya urafiki wao yasomwa upya kwa kupapasa mara moja. Mwigizaji hasemi kitu, na hata kama sinema ingekuwa na sauti angesema nini? Katika mkanda mzima hapa ndipo pa kwanza ambapo ukimya wa sinema na ukimya wa mtu ni kitu kimoja.

Kwa miaka mingi kazi hii ilionekana katika nakala zisizo na rangi tu. Baadaye ikapatikana nakala yenye rangi zake za kwanza, ikatengenezwa upya Ujerumani, na kuonyeshwa Berlin mwaka 2007. Tufani ya Stow, Mfalme John wa Tree, Lear wa Novelli na Richard wa Benson nazo zilikusanywa Uingereza mwaka 1999 katika mkanda mmoja wa kutazamwa nyumbani. Mwalimu atakayepata njia ya kuwaonyesha wanafunzi wake, na aanze na Tufani, maana ni fupi na watoto watacheka wamwonapo nyani. Kisha, kwa wakubwa, aende moja kwa moja kwa Asta Nielsen. Benson amwachie mwenye subira na jioni ndefu.